Kompyuta Isiyomaliza Kuwaka

Mada iliyotolewa na Ofisa TEHAMA wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata



Nimeombwa nizungumzie tatizo moja tu, nami nashukuru kwamba ni moja, maana mada za kompyuta zina tabia ya kutawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Tatizo lenyewe ni hili: unabonyeza kitufe, feni inaanza kuvuma, nembo ya mtengenezaji inajitokeza, pengine vile vidoa vyeupe vinaanza kuzunguka, halafu kioo kinakuwa cheusi na safari inaanza tena mwanzo. Mara ya pili ni hivyo hivyo, na mara ya kumi pia. Mashine haijafa, kwa kuwa umeme unaingia na taa zinawaka. Wala si nzima, kwa kuwa haikufikishi popote.

Kompyuta ya nyumbani katika kata hii si pambo la sebuleni tena. Humo ndimo zilimo hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, madeni ya duka, mitihani ambayo mwalimu ameianda kwa majuma mawili, mihtasari ya vikao vya kamati, na picha za wazazi waliokwisha kututangulia. Mashine ikigoma, kinachomnyima mtu usingizi ni hivyo vilivyomo ndani yake. Basi nianze na habari njema: aghalabu, kompyuta inapojiwasha upya namna hii, kumbukumbu zako bado zimo katika diski, salama. Mara nyingi huangamizwa na haraka inayofuata baada ya hapo, hasa ile hatua tuliyozoea kuiita kupiga Windows.

Kupiga Windows ni kusakinisha mfumo mzima upya, na jinsi inavyofanywa mitaani, aghalabu huanza kwa kufuta kila kilichomo. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili, mashine inarudi inang'aa, na mteja analipa kwa furaha. Siwadharau mafundi wetu. Wengi ni hodari kuliko sisi wenye vyeti. Lakini fundi aliyeletewa mashine na kuambiwa "haiwaki, itengeneze", bila neno lingine, atajuaje kwamba ndani yake mna jambo la kuokolewa?

Katibu wa kikundi kimoja cha akina mama alipata mkasa huo. Mashine ilipelekwa asubuhi, ikarudi jioni, na daftari la hisa la miaka minne halikuwamo. Baada ya wiki moja ikaanza tena mchezo ule ule wa kujiwasha, kwa sababu chanzo hakikuwa Windows hata kidogo. Ilikuwa ni pawasaplai iliyochoka. Kikundi kikalazimika kukusanya vitabu vya wanachama na risiti kutoka nyumba hadi nyumba ili kuziunda hesabu upya, na wapo wanachama wawili ambao mpaka leo hawakubaliani na idadi ya hisa walizoandikiwa. Tatizo la umeme lilitibiwa kwa dawa ya programu, na gharama yake ikawa uhusiano wa watu.

Kwa hiyo, kabla ya dawa, tuulize kama mganga anavyomuuliza mgonjwa homa inapanda saa ngapi. Mashine inakatikia wapi?

Ikikata ndani ya sekunde chache, kabla ya nembo au nembo ikiwa ndiyo kwanza imetokea, Windows haijaanza kazi. Kuilaumu ni kumsingizia asiyekuwepo. Hapo mshtakiwa ni umeme, vijiti vya kumbukumbu ambavyo mafundi huviita ramu, joto, au kifaa kilichochomekwa vibaya. Ikikata wakati vidoa vinazunguka, basi tuelekeze macho kwenye diski, faili za mfumo, sasisho lililoingia vibaya au draiva mbovu, ingawa ramu nayo haijaondoka katika orodha. Ikifika hadi mahali pa kuandika nywila ndipo ianguke, mara nyingi ni programu inayojianzisha yenyewe, au joto lililokwisha kupanda.

Upo mtihani mmoja mzuri wa kutenganisha makundi haya, nao hauna gharama. Washa mashine, na mara moja bonyeza mfululizo kitufe cha kuingilia ukurasa wa mipangilio ya ndani, ule unaoitwa bayosi. Kwa mashine nyingi ni F2 au Delete, kwa nyingine ni F10 au Esc, kutegemea mtengenezaji. Ukishaingia, usibadilishe chochote. Iache hapo hapo kwa nusu saa, uendelee na shughuli zako. Ikijizima au kujiwasha upya ikiwa katika ukurasa huo, ambao hauitumii Windows, ubovu umo katika vyuma au umeme, na hakuna kupiga Windows kutakakousaidia. Ikitulia nusu nzima ya saa, shaka inahamia kwenye diski na programu. Jibu hilo si la uhakika kamili, kwa sababu katika ukurasa ule mashine haifanyi kazi nzito, lakini limeokoa diski nyingi.

Sasa umeme, ambao nitauzungumzia kwa kirefu kwa sababu ndio unaotusumbua zaidi sisi wa huku.

Pawasaplai hupokea umeme wa ukutani, ambao kwetu hapa ni volti 230, na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumika ndani ya mashine. Kabla prosesa haijaruhusiwa kuanza kazi, pawasaplai hupeleka ishara kwenye ubao mkuu, kana kwamba inasema: umeme umetulia, anzeni. Ishara hiyo ikitoweka, hata kwa kitambo kidogo sana, ubao mkuu husimamisha kila kitu na kuanza upya. Wakati wa kuwaka ndipo mashine inapovuta umeme kwa nguvu: mota ya diski inaanza kuzunguka, feni zinaondoka, prosesa inafanya kazi kwa uwezo wake wote. Pawasaplai dhaifu hukata pumzi papo hapo, kama mzee anayepanda mlima na mzigo. Ndiyo maana mashine ile ile inaweza kukataa kuwaka jioni, wakati nyumba zote zinapika na mafundi wa kuchomelea hawajafunga kazi, kisha ikawaka bila shida alfajiri.

Jaribio basi ni rahisi. Jaribu kuiwasha usiku wa manane au alfajiri. Iondoe kwenye ekstensheni iliyobeba friji, pasi na chaja nne za simu, uichomeke moja kwa moja ukutani. Angalia kama feni ya mezani inapunguza kasi au balbu inafifia mashine ya kusaga inapoanza kunguruma. Kama unatumia UPS, iruke kwa muda. Betri yake ikizeeka, kwa kawaida baada ya miaka 3 hadi 5, UPS yenyewe hugeuka kuwa chanzo cha kukatika. Wanaotumia umeme wa jua wapime kama inveta inaweza kubeba mzigo wote kwa pamoja. Na ikiwezekana, ibebe mashine hadi kwa ndugu aliye upande mwingine wa kata. Ikiwaka kule bila kusita, usiifungue. Tafuta stebilaiza, au mwite fundi umeme akague soketi na nyaya za nyumba.

Kwa wenye kompyuta za mezani zilizotumika nchi za nje, neno la tahadhari. Baadhi ya pawasaplai zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, yenye maandishi 115 na 230. Kwetu sharti isome 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa hapa, pawasaplai hupasuka kwa kishindo. Jambo jingine: msifungue kasha la pawasaplai lenyewe. Kapasita zilizo ndani yake huweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Pawasaplai hubadilishwa nzima. Kijana anayejifunza ufundi asiifanye kuwa darasa.

Kwenye kompyuta mpakato, angalia chaja. Zimeandikwa wati 45, 65, 90 na kuendelea, na chaja ndogo iliyoazimwa kwa jirani haitoshi mashine inayohitaji kubwa. Betri iliyokufa nayo hushindwa kusaidia pale mashine inapovuta kwa ghafla. Kama betri yake hutolewa kwa mkono, itoe ujaribu kuwasha kwa chaja pekee.

Joto na vumbi sitayachelewesha, kwa kuwa kila mtu anayajua na hakuna anayeyashughulikia. Zima, chomoa, fungua ubavu, toa vumbi kwa brashi laini, na ushikilie mapezi ya feni kwa kidole yasizunguke unapopuliza. Prosesa inayokaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi au kuzima mashine ili isiungue. Bayosi nyingi huonyesha nyuzi hizo. Zikipanda mfululizo hadi 90 na zaidi hali mashine haifanyi kazi yoyote, krimu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa yamkini imekauka.

Ramu inataka utulivu zaidi. Chomoa waya wa umeme, na kwa mpakato ondoa pia betri inayotoka. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma cha kasha ili mwili wako usibebe chaji. Ndipo utoe vijiti. Kama ni viwili, jaribu kimoja kimoja, na kila kimoja katika kila nafasi. Mara nyingi kutoa na kurudisha kwa uthabiti, mpaka vibanio vilie, kunatosha, hasa kwa mashine iliyosafirishwa juu ya barabara zetu. Mafundi hutumia kifutio laini cha penseli kusugua meno ya shaba yaliyofifia. Nami naona ni sawa, mradi usiguse kingine na uyapanguse mabaki. Na kabla ya hayo yote, ondoa printa, flashi na kila kilichochomekwa kwa nje. Kitufe cha kuwashia chenyewe kikikwama ndani kwa uchafu kinaweza kuizima na kuiwasha mashine, na nimeona watu wakinunua pawasaplai mpya kwa sababu ya kitufe.

Twende kwenye kundi la pili: mashine inatulia katika bayosi, lakini inaanguka Windows inapoanza.

Jueni kwamba Windows imepangwa ijiwashe upya yenyewe inapopata hitilafu kubwa. Inatoa skrini ya hitilafu yenye maelezo, kisha inaanza upya, pengine kabla hujasoma neno. Mashine inakueleza ugonjwa wake, ila inaongea kwa kasi. Chukua simu, rekodi video ya kioo, halafu isimamishe pale skrini hiyo inapotokea. Maandishi kama MEMORY_MANAGEMENT huelekeza kwenye ramu. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE huelekeza kwenye diski au draiva yake. Picha hiyo moja itamfaa fundi kuliko maelezo ya nusu saa.

Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Zisipofungua, zizime kwa kushikilia kitufe kwa takriban sekunde kumi pale vidoa vinapoanza, urudie hadi mara tatu. Lakini kama kioo kinaonyesha asilimia za sasisho linalosakinishwa, usiguse. Kujiwasha upya mara mbili au tatu wakati wa sasisho ni kawaida, na umeme kukatika hapo katikati, au uniti za LUKU kuisha, ni mojawapo ya njia za kuliingiza jini tunalojaribu kulitoa. Hakikisha uniti zipo kabla ya kuanza sasisho.

Katika ukurasa huo chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Hapo pana "Startup Repair", ambayo haifuti kumbukumbu zako na inafaa kujaribiwa kwanza. Pana "Uninstall Updates", kama tatizo lilianza mara baada ya sasisho. Na pana "Startup Settings". Ukiingia hii ya mwisho na kukubali mashine ianze upya, utapewa orodha yenye namba. Namba 9 huizuia mashine kujiwasha upya, ili skrini ya hitilafu ibaki isomeke. Namba 4 hufungua hali salama, yaani Windows ikiwa na vile vya lazima tu. Kwenye Windows 7, orodha yenye chaguo kama hizo hupatikana kwa kubonyeza F8 mfululizo mara tu mashine inapowashwa.

Mashine ikifunguka katika hali salama, kazi ya kwanza ni kunakili kumbukumbu zako kwenye flashi au diski ya nje. Kutengeneza kunafuata. Ukishanakili, ondoa programu au draiva ya mwisho kuingizwa kabla ya tatizo, uwashe kwa kawaida.

Uwezo wa hali salama ulidhihirika dunia nzima tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, inayouza programu za ulinzi kwa makampuni na taasisi, ilituma sasisho lenye kasoro saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu. Kompyuta zilizolipokea zikaanguka kwa skrini ya buluu, na nyingi zikaingia katika mzunguko huu huu tunaouzungumzia. Microsoft ilikadiria kwamba ziliathirika takriban milioni 8.5. Sasisho liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka hazikuweza kupokea marekebisho, kwa kuwa hazikuwa zikisimama muda wa kutosha. Safari za ndege zilifutwa katika nchi nyingi. Na tiba ilikuwa nini? Mtu kwenda kwenye mashine, moja baada ya nyingine, kuifungua katika hali salama, kufuta faili lenye kasoro na kuiwasha upya. Tiba hiyo haikuhitaji diski kufutwa.

Hali salama nayo ikikataa, bado pana mlango mwingine. Kwa kompyuta nyingine, andaa flashi yenye mfumo wa bure wa Ubuntu, uwashe mashine yako kwa flashi hiyo. Utapewa nafasi ya kujaribu au kusakinisha. Chagua kujaribu. Kusakinisha kunaweza kufuta diski, na hapo tutakuwa tumerudi kule kule. Ubuntu ikifunguka, unaweza kuiona diski yako na kunakili unachotaka. Mashine ikiendelea kujiwasha upya hata kwa flashi hiyo, ubovu ni wa vyuma, nawe una ushahidi.

Kuna hali mbili zinazohitaji usimame. Ya kwanza ni diski ya zamani yenye mota inapotoa mlio wa kugonga, ta-ta-ta. Zima. Kila unapoiwasha unaweza kuwa unakwangua kilichobaki. Aiguse mtu mwenye ujuzi wa kuokoa data tu. Ya pili ni mashine inapokudai ufunguo wa BitLocker, wenye tarakimu 48. Maana yake diski imefungwa kwa fumbo, na bila ufunguo huo hata Ubuntu haitaifungua. Kwa mashine ya nyumbani, ufunguo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha, na unaweza kuutazama kwa simu. Fanyeni hivyo leo, mashine zikiwa nzima, muuandike karatasini. Mliyenunua mashine iliyokwisha tumika, hakikisheni haijafungwa kwa ufunguo wa mwenye mali wa kwanza, ambaye huenda hamtamwona tena.

Basi ikilazimu kwenda kwa fundi, nenda na karatasi. Andika mashine inakatikia wapi, tatizo lilianza lini, nini kilitangulia: sasisho, radi, kuhama nyumba, programu mpya. Weka na ile picha ya skrini ya hitilafu. Chini andika kwa herufi kubwa kwamba diski isifutwe bila idhini yako, mpatane bei ya uchunguzi mbali na bei ya matengenezo, na nyote wawili mtie saini. Kama jaribio la bayosi limekwisha kuonyesha kwamba tatizo ni umeme, ramu au joto, fundi hana haja na diski yako hata kidogo: kwa kompyuta ya mezani, skrubu nne na nyaya mbili zinatosha kuitoa na kuibakiza nyumbani kabatini. Kwa makatibu wa vikundi hili ni zaidi ya busara. Mnashika majina, namba za simu na akiba za watu, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayowataka wanaoshika taarifa za watu wazilinde.

Nimekuja na kompyuta moja ya mezani yenye tatizo hili hili. Inakata kabla ya nembo, na diski yake nimeiacha ofisini. Sitawaambia ubovu uko wapi. Vijana wawili na mama mmoja wasogee hapa mbele, tuichomoe, tufungue ubavu, tuanze na ramu. Na mwalimu, kama una kifutio cha penseli, tuazime.